Muulize Hajati: Nyumba ya kwanza ya kupangisha, tununue wapi?

*Assalaam aleikum Hajati. Mimi na mume wangu tunakaa Malaba. Yeye ni dereva wa trela kati ya Mombasa na Kampala, mimi nina duka la nafaka. Kwa miaka kumi na moja tumeweka akiba mpaka tukafikisha shilingi milioni 90 za Uganda. Hatujawahi kuwa na mpangaji hata mmoja, ila tunataka kitu cha kushika, cha Shamim na wadogo zake. Tumeonyeshwa mahali patatu. Pa kwanza ni Kirinya, Bweyogerere: mizigo minne (nyumba ndogo za kupangisha) ya vyumba viwili viwili, kila mmoja unalipa 250,000 kwa mwezi, bei milioni 92, lakini ni kibanja. Pa pili ni kiwanja kitupu cha futi 50 kwa 100 upande wa Mukono, ndani kabisa, kina kyapa (hati ya ardhi), milioni 38, halafu tujenge wenyewe. Pa tatu ni Bugembe, Jinja: vyumba sita vya mtu mmoja mmoja, 120,000 kila kimoja, kuna hati ya lizi (ardhi ya kukodi kwa miaka maalumu), milioni 84. Mume wangu anapenda Kirinya, anasema pesa iko Kampala, na sacco yao iko tayari kutukopesha milioni 15. Mimi moyo wangu unasita. Tuchague wapi?*
*Mama Shamim, Malaba*

Waaleikum salaam, Mama Shamim. Nakupa jibu kwanza, sababu zitafuata: nendeni Bugembe. Lakini msitoe hata shilingi moja kabla mvua za Machi hazijanyesha na nyinyi hamjasimama kwenye ule uwanja mkiwa na gambuti miguuni.

Barua yako imenifikia Januari, nchi imekauka, na mimi ninaogopa sana manunuzi ya kiangazi. Mwaka 2009 marehemu mume wangu alipata malipo yake ya kustaafu jeshi, tukanunua vyumba vitano hapa hapa Bweyogerere, chini ya kilima. Ilikuwa Februari. Vumbi tupu, ukuta mkavu, bei nzuri. Broka alitupeleka kwa gari, akatushusha mlangoni, akaturudisha kwa gari. Hatukutembea hata hatua hamsini kando ya nyumba ile. Aprili maji yakapanda kutoka chini, choo cha shimo kikafurika, uchafu ukaelea mpaka kwenye kizingiti cha chumba cha pili. Ndani ya wiki moja wapangaji watatu walihama. Jirani mmoja, mama aliyekuwa akiuza mihogo pale kwa miaka saba, aliniambia: "Hajati, kila mwaka ni hivi. Mbona hamkuuliza?" Sikuwa na la kumjibu. Tuliinua msingi, tukajenga choo kipya cha kupanda ngazi, na pango la miaka miwili likaishia humo.

Kwa hiyo ukisema Kirinya, mimi nauliza: Kirinya ya wapi? Ya juu barabarani au ya bondeni? Hukuandika, na bei ya milioni 92 kwa mizigo minne inayoingiza milioni moja kwa mwezi inanitia wasiwasi. Vitu vizuri upande huu haviuzwi rahisi hivyo. Mwende bila broka, mshuke barabarani, mtembee. Mkiona mafunjo, au magimbi yamestawi yenyewe nyuma ya nyumba bila mtu kuyamwagilia, hapo maji yako karibu. Tazameni ukuta kwa nje: maji yakishafika huacha mstari, na rangi mpya iliyopakwa nusu ukuta tu, upande wa chini, ni ya kuficha mstari huo.

Hili si la choo peke yake. Katiba yetu ya 1995 inasema ardhi oevu inashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi wote. Hati iliyotolewa ndani ya ardhi oevu baada ya Katiba hiyo haina nguvu, hata iwe na mihuri kumi. Mnakumbuka Juni 2024, NEMA, mamlaka ya mazingira, ilivyobomoa nyumba kule kwenye kinamasi cha Lubigi, Kampala. Kulikuwa na watu waliokaa pale miaka mingi, wengine wakiwa na karatasi mkononi.

Sasa neno kibanja, kwa sababu wewe uko Malaba na huko kwenu mambo haya si ya kila siku. Hapa Buganda ardhi nyingi ni mailo, yaani ardhi ya kumilikiwa milele, tangu mkataba wa 1900. Mwenye kyapa ni mtu mmoja, anayekaa juu ya ardhi anaweza kuwa mwingine. Huyu anayekaa ndiye mwenye kibanja, na sheria inamlinda kweli: akilipa busuulu yake, kodi ya ardhi ya kila mwaka ambayo ni pesa ndogo, hafukuzwi. Hata asipolipa, lazima mahakama iamue. Mimi mwenyewe nina kibanja kimoja, sina ubaya nacho. Lakini ulinzi huo hauhamii kwako kwa sababu tu umempa mtu pesa mbele ya mwenyekiti wa LC, baraza la kijiji. Mwenye kibanja akitaka kuuza, sheria inamtaka amwambie kwanza mwenye ardhi, ampe nafasi ya kununua. Akiuza kwa siri, mauzo hayo ni batili, na wewe mnunuzi ndiye utakayesimama barabarani na karatasi ya LC.

Muulizeni muuzaji maswali mawili tu. Mwenye kyapa ni nani, tupeleke kwake leo? Risiti za busuulu ziko wapi? Akianza kusema mzee yuko Uingereza, au ardhi ni ya ukoo ambao bado unagawana, mshukuru kwa chai na mwondoke. Akiwapeleka, mjue pia kuna kanzu, yaani malipo ya kumpa mwenye ardhi ili awatambue, na hiyo haimo ndani ya milioni 92.

Na hapo ndipo Baba Shamim anisikilize, nasema naye kwa heshima kama dada yake mkubwa. Bwana wangu, milioni 92 inazidi akiba yenu kabla hata hamjamlipa mwanasheria. Ndiyo maana sacco imeingia kwenye mazungumzo. Mkikopa milioni 15 kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, kama sacco nyingi zinavyotoza, mwezi wa kwanza riba peke yake ni 300,000. Muzigo mzima wa 250,000 umekwenda na hautoshi, na hujagusa deni lenyewe. Mwezi ambao mpangaji mmoja amehama na mwingine amefiwa kijijini, utalipa sacco kwa pesa za mahindi ya mke wako. Nyumba ya kwanza inunuliwe kwa pesa iliyopo. Ya pili tutazungumza.

Sasa tupige hesabu ya Bugembe bila kujidanganya. Vyumba sita kwa 120,000 ni 720,000 kwa mwezi. Watu wengi huzidisha kwa 12 wakafurahi. Mimi huzidisha kwa 10, kwa sababu miaka kumi na tano ya kupangisha imenifundisha kwamba miezi miwili ya kila chumba hupotea kwa kuhama, kupaka rangi na ahadi za "nitalipa tarehe 15". Hiyo ni 7,200,000 kwa mwaka. Serikali inachukua asilimia 12 ya pango linalozidi 2,820,000 kwa mwaka kwa mtu binafsi, bila kukutolea gharama za matengenezo. Kwa hiyo kodi ni 525,600. Toa kumwaga choo, kufuli, vigae vilivyopasuka na ada ya jiji, maana nyumba ya kupangisha inatozwa tofauti na ile unayokaa mwenyewe. Mtabaki na kama milioni 6. Kwa milioni 84, hiyo ni karibu asilimia 7.

Si nyingi, na nakuambia ukweli ulivyo: hati fungani za serikali zinazouzwa na Benki Kuu zimekuwa zikilipa zaidi ya hapo, na unaweza kuanza na 100,000 kupitia benki yako. Kama mnachotaka ni pesa tu, nendeni huko. Lakini umeandika kwamba mnataka kitu cha Shamim na wadogo zake, kitu cha kushika, ambacho pango lake litapanda pamoja na bei ya sukari. Hilo nalielewa. Pango ndilo lililonilea na kunisomeshea watoto baada ya mume wangu kuondoka.

Kwa nini basi Bugembe na si kwingine? Nilikulia Walukuba, Jinja, baba yangu akifanya kazi kiwandani, kwa hiyo unaweza kusema nina upendeleo. Lakini tazama mwenyewe. Jinja imekuwa jiji tangu 2020 na Bugembe imeingia ndani yake. Iko juu ya barabara kuu ya kwenda Iganga, ile ile ambayo mume wako anapita na trela kila safari. Upande mmoja kuna viwanda vya Jinja, upande mwingine kuna sukari ya Kakira. Kuna shule, kuna kituo cha afya, kuna ofisi za ufalme wa Busoga. Mtu anayepanga chumba cha 120,000 ni kijana wa kiwandani, mwalimu aliyeanza kazi, nesi, mwenye boda. Watu hawa hawahami kwa sababu kumefunguliwa eneo jipya la kifahari. Wanahama maji yakikatika, choo kikijaa, au kazi ikiisha. Mawili ya kwanza yako mikononi mwenu.

Nenda Bugembe saa kumi na mbili asubuhi, siku ya kazi. Simama karibu na nyumba hiyo uangalie watu wanatoka vipi. Wakitoka kwa miguu na makopo ya chakula, kazi iko karibu na watalipa. Wakipanda boda wote, jua nauli inashindana na pango lako, na mwisho wa mwezi nauli hushinda. Kisha nenda kwa vijana wa stegi ya boda na kwa anayekaanga rolex, chapati ya mayai. Wale wanajua kila chumba kilicho wazi, kimekaa wazi tangu lini, na aliyekuwamo alihama kwa nini. Nunua rolex mbili, ule taratibu. Jioni rudi tena, usikie kama kuna baa inayopiga muziki mpaka alfajiri.

Ukiingia ndani, omba kuongea na wapangaji wenyewe bila muuzaji kusimama pembeni. Waulize wanalipa kiasi gani hasa. Nimeona muuzaji akijaza ndugu zake vyumbani kwa mwezi mmoja ili nyumba ionekane imejaa. Uliza maji: bomba la shirika lipo uwanjani, au wanachota kwa mtungi, na mtungi ni bei gani? Uliza Yaka, umeme wa kulipia kabla: kila chumba kina mita yake, au vyumba sita vinachangia moja? Mita moja ni vita. Mmoja ana pasi, mwingine ana friji ya kuuzia soda, wa tatu ana balbu moja, na wote watakupigia simu wewe Malaba usiku umeme ukiisha. Kama mita ni moja, weka pesa ya kuwawekea mita ndogo kila mtu, na hiyo uipunguze kwenye bei.

Halafu hiyo hati ya lizi. Hapa usiharakishe hata kidogo. Kwanza, lizi imebaki miaka mingapi? Bodi za ardhi mara nyingi hutoa lizi ya mwanzo ya miaka 5, kisha mtu akishajenga inaongezwa kufika 49 au 99. Kuna watu walijenga, wakakaa, wakasahau kuongeza, na miaka 5 ilishaisha. Mtu huyo anakuuzia karatasi iliyokufa. Pili, muuzaji anahitaji ridhaa ya aliyempa lizi kabla ya kuhamisha. Tatu, nenda mwenyewe ofisi ya ardhi ya kanda pale Jinja, ufanye upekuzi wa hati. Ada yake ni ndogo, na utaona jina la mwenye hati, kama benki imeiweka rehani, na kama kuna mtu ameweka zuio. Usikubali matokeo ya upekuzi aliyokuletea muuzaji kwenye bahasha.

Mpimaji afungue mipaka, mwone mawe kwa macho. Kama muuzaji ana familia inayokaa au kula kwenye ardhi hiyo, mke wake lazima aridhie kwa maandishi, na huyo mke mkamwone, msitosheke na saini. Nimeshuhudia mauzo yakivunjika mwaka mzima baadaye kwa sababu ya mama mmoja ambaye hakuulizwa. Mwenyekiti wa LC na majirani wajue mnanunua, hilo ni jema. Akiomba ya soda mpeni. Akidai asilimia ya bei, hakuna sheria inayompa. Pesa ipite benki.

Na wewe, Mama Shamim, kyapa kikitoka kiwe na majina yenu mawili. Mahindi yako yamo ndani ya hizo milioni 90. Baba Shamim akisoma hapa, najua atakubali, maana mtu aliyeweka akiba pamoja na mke wake miaka kumi na moja si mtu wa kumficha.

Bei waambieni 78. Ushuru wa stempu ni asilimia 1.5 ya thamani, kuna mwanasheria, kuna mpimaji, na lazima mbaki na angalau milioni 4 za kumwaga choo na kupaka rangi kabla hamjagombana na mpangaji wa kwanza. Mkishindwa kupata chini ya 82, achaneni nayo, mtazame Tororo pia. Ni karibu na nyumbani, kuna kiwanda cha saruji, na mtu anaweza kwenda na kurudi kabla duka halijafungwa.

Kuhusu Mukono nitasema kidogo. Kiwanja chenye kyapa ni kizuri, ila kujenga ukiwa Malaba kwa simu ya fundi ni kumlipia fundi nyumba yake. Na hicho cha 50 kwa 100 mabroka watakiita desimali kumi na mbili na nusu; desimali ni sehemu moja ya mia ya ekari. Ni futi 5,000 za mraba, na ekari moja ina 43,560. Gawanya uone: ni desimali kumi na moja na nusu tu. Ile desimali moja inayopotea ni nafasi ya choo.

*Hajati, nina vyumba vitatu Mbale, mpangaji analipa 200,000. Nataka kupandisha mpaka 300,000 kwa sababu majirani wote wamepandisha. Nimempa wiki mbili.*
*Msomaji, Namakwekwe*

Usifanye hivyo, ndugu yangu. Sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya 2022 inaweka kikomo cha asilimia 10 kwa mwaka. Kwako wewe ni 20,000, yaani 220,000. Na akikataa kuhama, kumwondoa bila amri ya mahakama ni kosa, hata ukitoa mlango tu au kukata umeme wake. Kama pango lenu ni 500,000 na zaidi, mkataba uwe wa maandishi. Mimi ninaandika hata wa 100,000, kwa sababu kumbukumbu za watu wawili hazilingani. Na dhamana usichukue zaidi ya mwezi mmoja. Nenda ukamwambie mpangaji wako kwamba umeisoma sheria, umebadili nia. Atakaa.

*Hajati, mimi ni Mkongo, nimeishi Katwe miaka kumi na nne, nauza vitenge. Nimepata pesa ya kununua nyumba ndogo ya kupangisha Kajjansi, ni mailo. Rafiki Mganda amekubali tuandike kwa jina lake halafu tuelewane wenyewe. Ni sawa?*
*Papa Exaucé, Katwe*

Papa, hapana. Namheshimu rafiki yako, labda ni mtu mwema kuliko wote. Lakini siku akifa, watoto wake watakuta kyapa chenye jina la baba yao, na wewe utakuwa mgeni anayedai nyumba ya marehemu. Asiye raia hawezi kumiliki mailo wala frihodi, ambayo nayo ni umiliki wa milele, hapa Uganda. Anachoruhusiwa ni lizi, isiyozidi miaka 99, na hiyo inatosha kabisa kupangisha, kurithisha watoto na kulala usingizi. Mwambie huyo mwenye mailo wa Kajjansi akupe lizi ya miaka 49 iliyosajiliwa kwa jina lako. Akikataa, tafuta ardhi ambayo tayari ni ya lizi, kisha uhesabu miaka iliyobaki, kama nilivyomwambia Mama Shamim hapo juu. Na nenda ukaione mvua ikinyesha.